Kabla Utume Ile Video ya Chanjo, Kaa Chini Nikupe Stori ya Sotoka

Wacha nianze kwa kukubali makosa yangu, ndio usidhani nimekuja hapa kujifanya mwalimu.

Mwishoni mwa 2024, serikali ilipotangaza kwamba itachanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, mimi nilikuwa kati ya wasee wa kwanza kucheka. Mnakumbuka vile ilikuwa. Kila simu ilikuwa na yake. Chanjo ni ya kufanya ng'ombe wasijambe. Chanjo ni ya bilionea wa Marekani. Chanjo itaharibu maziwa, halafu itatuharibu sisi. Nikavaa kofia ya marehemu guka, nikaweka simu kwa dirisha, nikaigiza ng'ombe anayekataa sindano na kuuliza maswali kama wakili. Sekunde 48. Hakuna video yangu iliyokuwa imetazamwa kama hiyo. Kama ungeniuliza, ningekuambia sijadanganya mtu. Nilikuwa nauliza tu.

Hiyo "nauliza tu" tutairudia.

Shosho yangu anaishi ushago, upande wa Limuru, na ana ng'ombe watatu wa maziwa. Yeye huniita "mzee wangu" kwa sababu mimi ndiye nilipewa jina la guka. Binamu yangu alimwonyesha ile video, akacheka mpaka akatoa machozi. Miezi kadhaa baadaye daktari wa mifugo alipopita kijijini na kisanduku chake cha chanjo, Shosho hakufungua geti. Alimwambia, "Mzee wangu amesema kwa simu hiyo dawa si nzuri."

Halafu ugonjwa wa miguu na midomo ukafika. Kama hujawahi kuuona, shukuru. Ng'ombe anadondosha mate kama povu la sabuni. Ulimi unajaa malengelenge, kwato zinauma, hawezi kula, hawezi kusimama vizuri. Wakubwa mara nyingi hawafi, lakini maziwa yanakauka, na ndama ndio huanguka. Ndama wa Shosho alianguka. Soko la mifugo likafungwa, kwa hivyo hata kuuza mmoja apate doo ya dawa haikuwezekana. Na hayo maziwa ndiyo yalikuwa yananilipia karo kabla niache chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua vizuri sana kila lita ina maana gani kwa ile nyumba.

Shosho hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa rahisi. Alisema tu, "Mzee wangu, kwani shuleni hamkufundishwa sotoka?"

Tulifundishwa. Sentensi moja, kwa somo la historia: "Wamaasai walidhoofishwa na njaa na magonjwa ya mifugo kabla ya ukoloni." Unaiandika kwa mtihani, unapata alama yako, unasonga. Juzi ndio nimekaa chini kusoma ni nini kilikuwa ndani ya hiyo sentensi. Manze, kulikuwa na dunia nzima imezikwa humo.

Ugonjwa ulioshuka kutoka melini

Sotoka ni ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato zilizogawanyika. Ni ndugu wa surua ya watu na wa ule ugonjwa wa mbwa ambao daktari humchanjia mbwa wako akiwa mdogo. Tena wanasayansi wanaamini surua yenyewe ilitokana na virusi vya ng'ombe, zamani sana, watu na mifugo walipoanza kuishi pamoja kwa wingi. Ng'ombe akishikwa na sotoka anapata homa kali, macho na pua vinatoa majimaji, mdomo unajaa vidonda, halafu anaanza kuhara damu. Ndani ya wiki moja au mbili amekwisha. Kwa mifugo ambayo haijawahi kukutana na ugonjwa huo, ng'ombe 9 kati ya 10 wanaweza kufa.

Na mifugo ya upande wetu haikuwa imewahi kukutana nao hivyo. Ulaya waliujua kwa mamia ya miaka. Huko Ufaransa, shule ya kwanza ya madaktari wa mifugo ilifunguliwa Lyon mwaka wa 1761, na sotoka ilikuwa moja ya sababu kubwa. Sisi ulitufikia 1887, ukishuka kutoka melini kwenye bandari ya Massawa, Eritrea ya leo, ambako jeshi la Italia lilikuwa linaleta ng'ombe wa kulisha wanajeshi wake. Ng'ombe hao wanasemekana walitoka India.

Kutoka hapo ugonjwa ulisafiri kwa miguu. Ulipiga Ethiopia, na njaa iliyofuata kati ya 1888 na 1892 bado inakumbukwa huko kama mojawapo ya nyakati mbaya zaidi katika historia yao. Fikiria: mkulima wa Ethiopia analima kwa maksai. Maksai wakifa, hata kama mvua imenyesha, shamba linakaa tu. Kufikia 1890 na 1891 ulikuwa umeingia kwetu. Mwaka wa 1896 ulivuka mto Zambezi. Mwaka wa 1897 ulikuwa umefika upande wa Cape, chini kabisa. Kusini walijaribu kujenga ua mrefu wa kuuzuia, ugonjwa ukapita. Wakamleta mpaka Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, akafanya utafiti Kimberley. Bara zima kwa miaka kumi, na hakukuwa na lori wala ndege.

Emutai

Wamaasai wana jina la kipindi hicho: Emutai. Maana yake ni kama kumalizwa, kufutwa. Haikuwa sotoka peke yake. Miaka ya 1880 mifugo yao ilikuwa imeshapigwa na homa ya mapafu ya ng'ombe. Halafu sotoka, ambayo wao huiita olodua. Halafu ndui ikashika watu ambao tayari hawakuwa wamekula. Msafiri Mwaustria, Oscar Baumann, alipita upande wa Ngorongoro 1892 akakuta watu mifupa mitupu, na alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wamekufa. Hata kama hesabu yake ilizidi, hiyo si njaa ya kawaida. Hiyo ni jamii kuvunjika.

Elewa ng'ombe alikuwa nini. Kwao alikuwa chakula, mahari, faini, urafiki, bima na akiba, yote kwa ngozi moja. Leo uamke, M-Pesa imezimwa, benki imefungwa, friji ni tupu, na kila mtu unayeweza kumkopa yuko hivyo hivyo. Ndio hiyo.

Na sasa angalia tarehe, kwa sababu hapa ndipo ile sentensi ya shule inaficha mambo. Sotoka, 1890 na 1891. Uingereza inatangaza hii sehemu kuwa himaya yake 1895. Reli inaanza Mombasa 1896, inafika Kisumu 1901. Mwaka wa 1904 Wamaasai wanatiwa saini mkataba wa kuondoka Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, ili masetla wapate nafasi. Wengine wanapelekwa Laikipia wakiambiwa ni yao milele. Mwaka wa 1911 mkataba mwingine, wanaondolewa Laikipia nayo. "Milele" ilidumu miaka saba. Walienda mpaka kortini 1913, wakashindwa.

Sisemi virusi vilileta ukoloni. Ukoloni uliletwa na watu, na bunduki, na makaratasi. Nasema tu kwamba walipobisha mlango, mwenye nyumba alikuwa mgonjwa kitandani.

Na si Wamaasai peke yao. Kwetu Kiambu, miaka ya 1898 na 1899 ilikuja ukame, nzige, ugonjwa wa ng'ombe na ndui kwa pamoja. Wazee waliita njaa hiyo Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa sababu walishaona ni nani aliyefika nayo. Watu walikufa, wengine wakahamia kwa jamaa zao kaskazini. Masetla walipokuja miaka michache baadaye, wakaangalia mashamba yaliyoachwa wakasema, ardhi hii haina mwenyewe. Shosho anaishi kwa sehemu ndogo ya hiyo ardhi "isiyo na mwenyewe". Alisimuliwa na nyanyake. Mimi nilikuwa na intaneti na sikujua.

Hata simba walihisi. Sotoka iliua nyati, pofu, tandala na twiga kwa wingi. Wale simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli 1898, ambao wako kwa jumba la makumbusho Chicago mpaka leo, kuna watafiti wanaosema moja ya sababu za kugeukia watu ni kwamba nyati na mifugo walikuwa wamepungua sana. Si sababu pekee, lakini inaingia akilini.

Kwa nini watu hawaamini sindano

Kabla niendelee na stori ya chanjo, lazima niseme kitu ambacho wale wa "aminini tu sayansi" huwa wanaruka.

Wakenya kuogopa mtu wa serikali anayekuja kwa boma kugusa ng'ombe hakukuanza na simu. Wakati wa ukoloni, karantini ilikuwa dawa na silaha kwa wakati mmoja. Ndiyo, ugonjwa ulikuwepo na kuzuia ng'ombe kutembea kunasaidia. Lakini maeneo ya Waafrika yangeweza kuwekwa karantini mwaka baada ya mwaka, mfugaji asiuze, huku ng'ombe wa setla wakilindwa pamoja na bei yake.

Halafu 1938, Ukambani. Serikali ikaamua Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi, wanaharibu udongo. Maafisa wakaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa mnada, bei ya chini, na kulikuwa na kiwanda cha nyama Athi River kilichokuwa kinahitaji ng'ombe. Watu walifanya nini? Maelfu yao, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kwa miguu mpaka Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kuongea na Gavana mwenyewe. Muindi Mbingu, aliyewaongoza, alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma kwa ule mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Yule Muindi Mbingu wa barabara ya katikati ya jiji, ndiye huyo. Unapita hapo kila siku ukienda kushika mat.

Kwa hivyo mzee akimwangalia ofisa wa mifugo kwa jicho la pembeni, usimwite mjinga. Ana kumbukumbu. Makosa yangu hayakuwa kuuliza. Makosa yangu ni kwamba niliuliza nikiwa sitaki jibu. Nilikuwa nataka watu wacheke. Wale wa 1938 walitembea kilomita nyingi kutafuta jibu kutoka kwa mwenye uwezo wa kulitoa. Mimi sikutembea hata mpaka kwa ofisi ya mifugo ya wadi.

Jibu lilikuwa Muguga

Hapa sasa ndipo stori inafika nyumbani, na ndio sehemu iliyoniuma.

Kama unatoka Nairobi ukielekea Limuru, ukishapita Kikuyu unafika Muguga. Nimepita hapo mara nyingi sana nikienda kwa Shosho. Konda anaita "Muguga!", watu wawili wanashuka, gari linaondoka. Ukiangalia nje unaona miti na ua. Sikuwahi kuuliza ndani kuna nini.

Ndani kulikuwa na kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki. Miaka ya 1950, daktari wa mifugo Mwingereza anayeitwa Walter Plowright na wenzake walikuwa wanashughulika na sotoka humo. Chanjo zilikuwepo tayari. Huko India, miaka ya 1920, J. T. Edwards alikuwa amepitisha virusi kwa mbuzi tena na tena mpaka vikapoa, na Kabete hapa walikuwa na yao ya aina hiyo. Shida ni kwamba zilikuwa bado kali kwa ng'ombe wa aina fulani: unamchanja, naye anaugua.

Plowright akafanya kitu tofauti. Alivikuza virusi kwenye chembe za figo ya ndama, ndani ya chupa. Virusi vikishakua anavihamisha kwa chupa nyingine, halafu nyingine, karibu mara 90. Kila uhamisho, virusi vinazoea maisha ya chupa na kusahau namna ya kumuua ng'ombe. Lakini sura yao inabaki ile ile, kwa hivyo mwili wa ng'ombe ukiviona unajifunza adui. Ni kama kumwonyesha mlinzi picha ya mwizi kabla mwizi hajafika. Ng'ombe akichanjwa mara moja, amekingwa maisha yake yote. Na ilikuwa salama kwa ng'ombe wa kila aina, na bei yake ilikuwa ya chini. Kufikia 1962 kazi hiyo ilikuwa imechapishwa. Mwaka wa 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Alifariki 2010.

Matokeo yake mengine hakuna aliyeyatarajia. Ng'ombe walipochanjwa kuzunguka Serengeti, sotoka ikapotea kwa nyumbu pia, kwa sababu kumbe walikuwa wanaipata kutoka kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama robo milioni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Ule uhamiaji wa nyumbu ambao watalii wanalipa dola kuja kuuona Mara, na sisi tunauweka kwa kila tangazo la Kenya? Sindano ya ng'ombe iko ndani yake.

Mara ya kwanza tulifeli

Ungedhani stori imeisha. Haikuisha, na hapa kuna somo.

Mwaka huo huo wa 1962 ulianza mpango mkubwa uliojulikana kama JP15. Nchi 22 za Afrika, timu zinazunguka zikichanja mamilioni ya ng'ombe. Kufikia 1976 sotoka ilikuwa karibu kuisha. Watu wakapiga makofi, pesa zikaelekezwa kwingine, ufuatiliaji ukalegea. Vijisehemu viwili vitatu vilikuwa vimebaki, mahali ambapo barabara haifiki. Mapema miaka ya 1980 sotoka ikarudi, ikaua ng'ombe kwa wingi sana kutoka Nigeria mpaka upande wetu wa bara. Ukiacha kaa moja kwa majivu, usishangae asubuhi ukikuta nyumba imeungua.

Shida ilikuwa mbili. Ya kwanza, baridi. Chanjo ya Plowright ilihitaji kukaa kwa baridi mpaka dakika ya mwisho. Jaribu kubeba barafu siku sita kwa ngamia, Sudan Kusini, kukiwa na vita. Miaka ya 1980 inakaribia kuisha, Mmarekani anayeitwa Jeffrey Mariner na wenzake wakatafuta namna mpya ya kuikausha chanjo ile ile, mpaka ikaweza kukaa karibu mwezi mzima bila friji.

Shida ya pili ilikuwa watu, na hii ndio ninataka uibebe. Serikali haikuweza kufika kila mahali, na ikifika haikuaminiwa. Kwa hivyo mpango ukageuzwa. Badala ya timu ya mjini kuja na Land Rover, wafugaji waliambiwa: chagueni mtu wenu. Huko Afar nchini Ethiopia, Karamoja nchini Uganda, Sudan Kusini, vijana waliochaguliwa na jamii zao wakafundishwa kuchanja. Wanajua njia za malisho. Wanajua lini ng'ombe watakuwa kisimani. Wanajua mzee gani akikubali, wote watakubali.

Na wataalamu wakaanza kusikiliza. Mfugaji hahitaji maabara kutofautisha sotoka na ugonjwa mwingine, ana jina la kila mmoja na dalili zake, na anakumbuka ulipita mwaka gani na ulitoka upande gani. Maelezo hayo ndiyo yalionyesha virusi vimejificha wapi. Afar, mahali ambapo sotoka ilikuwa imekataa kuondoka kwa miaka, baada ya 1995 haikuonekana tena.

Kwa hivyo mtu akikuambia sotoka ilimalizwa na mzungu mmoja kwa maabara, amekupa nusu. Nusu nyingine ni kijana asiye na digrii, amebeba kisanduku, anatembea kwa jua kwenda kwa watu wanaomjua jina. Mimi ambaye sina digrii nilikuwa na kisanduku pia. Kilikuwa na kamera.

Nyati wa Meru

Kenya ndiyo ilikuwa ya mwisho duniani. Katikati ya miaka ya 1990 sotoka ilizuka Tsavo, ikaua nyati na tandala wengi, ikaonekana mpaka mbuga ya Nairobi, hapo tu karibu na jiji. Halafu 2001 ikapatikana kwa nyati wa mbuga ya Meru. Baada ya hapo, hakuna. Chanjo zikasimamishwa kwa makusudi, ndio ionekane kama kuna virusi vilivyojificha. Miaka ikapita, damu ikapimwa, hakuna.

Mwezi wa tano 2011, shirika la dunia la afya ya wanyama lilipitisha azimio, na tarehe 28 mwezi wa sita mwaka huo shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa likatangaza: sotoka imekwisha duniani. Katika historia yote ya binadamu tumefuta magonjwa mawili tu. La kwanza ni ndui, ambayo mtu wake wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka wa 1977. La pili ni sotoka, mnyama wa mwisho Meru, Kenya. Yote mawili yaliishia upande wetu. Mwaka wa 2011 mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na sikumbuki mtu yeyote akiongea kuhusu hiyo kitu. Tungeshinda mechi tungeandamana.

Basi sasa tufanye nini

Ndugu yake sotoka bado yuko. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Kenya mwaka wa 2006 na 2007, ikianzia Turkana, na dunia imejiwekea lengo la kuifuta kufikia 2030. Wale mbuzi na kondoo milioni 50 nilioigiza nikicheka? Ndio chanjo yao hiyo. Ng'ombe milioni 22 ni ugonjwa wa miguu na midomo. Ule uliomuua ndama wa Shosho. Hakuna kujamba mahali popote hapo.

Na wewe wa mtaani unayesema hufugi, una mbwa? Jirani ana mbwa? Kichaa cha mbwa bado kinaua Wakenya, na karibu kila mtu duniani anayekufa nacho ameumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hospitali haina la kukufanyia. Lakini mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona.

Na uliza maswali. Kwa kweli uliza. Chanjo ni ya ugonjwa gani? Imetengenezwa wapi? Nani amelipa? Ng'ombe akiugua baada ya sindano, nampigia nani simu? Serikali ambayo haitaki kujibu haya haifai kushangaa watu wakifunga mageti. Lakini ukishauliza, ngoja jibu. Lisome. Likikutosha, lipeleke kwa watu wako kwa nguvu ile ile uliyopelekea swali.

Video yangu nimeifuta. Najua haisaidii sana, watu walishaihifadhi, na juzi nimeiona kwa kikundi cha WhatsApp ambacho hata simo. Nimeenda ushago nikakaa wiki mbili. Nikatafuta namba ya yule daktari wa mifugo, nikamwomba msamaha, nikamwuliza maswali yangu yote kwa sauti, Shosho akiwa ameketi hapo kando. Alijibu mengi, mengine akasema wazi hana jibu, ataulizia. Hapo ndipo Shosho alianza kumwamini.

Alirudi baada ya ng'ombe kupona. Chanjo hii si kama ya Plowright, lazima irudiwe karibu kila miezi sita. Shosho alifungua geti mwenyewe. Mimi nilishika kamba ya ng'ombe wa kwanza, na simu ilikuwa kwa mfuko.

Alipomaliza, Shosho akaniambia, "Mzee wangu, hii nayo utawaambia watu?"

Ndio nimewaambia.